JAHAZI DOGO LA MADRASA: MKUKU KWANZA, TANGA BAADAYE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

UTANGULIZI

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila mgeni anayeingia chumba cha walimu mwaka huu husimama mbele ya kabati na kuuliza swali moja: "Hili jahazi mmelitoa wapi?" Wengi hudhani tumeletewa zawadi kutoka Unguja au Lamu. Hapana. Jahazi hili lenye urefu wa sentimita 75 limejengwa na wanafunzi wetu wa Ngara na Biharamulo wakati wa likizo, kwa mbao, gundi, uzi na kitambaa cha kanzu kuukuu.

Tumeona vyema katika toleo hili tueleze namna kazi ilivyofanyika, ili mwanafunzi anayetaka kujaribu nyumbani pamoja na wazazi wake ajue pa kuanzia. Vile vile tutaeleza makosa tuliyoyafanya, maana kosa moja kati ya hayo lilitufundisha jambo ambalo kila mtu wa Kagera anayepanda chombo cha ziwani anapaswa kulijua.

VYOMBO VILIVYOFIKA KWETU VIPANDE VIPANDE

Huenda mtu akasema: "Sisi ni watu wa bara, majahazi yanatuhusu nini?" Ni kweli kwamba bahari iko mbali nasi. Watoto wetu wamezoea mitumbwi ya mto Kagera na Ruvubu, na chombo cha kwanza ambacho kila mtoto wa huku hujenga ni kipande cha mgomba chenye kijiti katikati na jani kwa tanga. Hata hivyo, historia inaonesha kwamba sehemu zetu hizi zimejua vyombo vinavyokuja katika vipande na kuunganishwa hapa hapa.

Mwaka 1874 msafiri Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kuja bara akiwa na mashua iitwayo Lady Alice. Mashua hiyo ilijengwa Uingereza kwa urefu wa futi 40, yaani kama mita 12, nayo ilikuwa inafunguka katika vipande ili ibebwe na wapagazi. Vilipofika Zanzibar ilionekana kuwa vipande ni vizito mno kwa mabega ya watu, ikabidi fundi avipunguze kabla ya safari. Kisha wapagazi, wengi wao wakiwa watu wa Unguja na Mrima, wakavibeba kwa miguu hadi kusini mwa ziwa Viktoria. Vikaunganishwa, na tarehe 8 Machi 1875 mashua ikashushwa majini. Kwa muda wa karibu miezi miwili ililizunguka ziwa zima.

Mwaka uliofuata, 1876, mashua hiyo hiyo ilifika Karagwe kwa Mfalme Rumanika na kuingizwa katika mto Kagera. Kwa hiyo mto unaopita Rusumo, ambao watu wa Ngara wanauona kila siku, umewahi kubeba chombo kilichotoka Ulaya kikiwa mizigo ya kichwani. Hatusemi haya kwa kumsifu Stanley. Mwaka 1875 watu wake waliwapiga risasi na kuwaua wakazi wengi wa kisiwa cha Bumbire, hapa hapa mkoani Kagera, na hilo halifai kusahauliwa. Tunayemkumbuka hapa ni mpagazi aliyebeba ubao miezi na miezi bila jina lake kuandikwa.

Mfano mwingine uko kwa jirani zetu wa Kigoma. Meli ya Liemba ya ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka hapo ikaja bara kwa reli. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Fikiria, mpenzi mwanafunzi, kama kasha moja tu lingepotea njiani, au kama vipande visingewekwa namba!

BOKSI LA VIPANDE NI NINI?

Katika nchi nyingi, kujenga mfano wa chombo cha tanga ni kazi ya mikono inayopendwa na vijana na wazee. Mtu hununua boksi. Ndani yake hukuta mchoro mkubwa, mbao nyembamba zilizokatwa, mataruma yaliyotiwa namba, vijiti vya mlingoti, uzi wa kamba na kitambaa cha tanga. Kazi yake ni kuunganisha kwa kufuata mchoro.

Maduka yetu ya Biharamulo mjini na Ngara mjini hayauzi maboksi hayo. Hivyo tuliamua kutengeneza boksi letu wenyewe kabla ya kulijenga jahazi. Tulichora mchoro kwenye karatasi ngumu, tukakata kila kipande, tukakiandika namba kwa penseli na kukipanga katika boksi la biskuti. Hatukuruhusu mtu kugusa gundi mpaka vipande vyote vimehesabiwa. Vifaa vyenyewe vilikuwa hivi:

(a) Ubao mgumu wa mninga kwa ajili ya mkuku.
(b) Plaiwudi ya milimita 4 kwa ajili ya mataruma.
(c) Mbao nyembamba za msonobari, unene wa milimita 2 na upana wa milimita 9, kwa ajili ya ubavu. Fundi seremala alituchania kutoka kwenye mabaki yake.
(d) Vijiti vilivyonyooka kwa mlingoti na foromali.
(e) Gundi ya mbao, msasa, uzi wa pamba, vanishi, na vibanio vya nguo vipatavyo 40 tulivyoazima majumbani.
(f) Randa ndogo, msumeno wa meno madogo na kisu. Vifaa vikali vilitumiwa mbele ya mwalimu au fundi tu.

KIPIMO: KILA KITU GAWANYA KWA 20

Tulichagua jahazi lenye urefu wa mita 15, upana wa mita 5 na kina cha mita 2. Kila kipimo tulikigawanya kwa 20. Tukapata urefu wa sentimita 75, upana wa sentimita 25 na kina cha sentimita 10. Mlingoti ukawa sentimita 55 na foromali sentimita 70.

Hapa wanafunzi walikutana na hesabu ambayo mwanzoni iliwashangaza. Urefu ukigawanywa kwa 20, eneo la tanga haligawanywi kwa 20. Tanga lina urefu na upana, kwa hiyo eneo hugawanywa kwa 20 mara 20, yaani 400. Na uzito wa chombo unafuata urefu, upana na kina, kwa hiyo hugawanywa kwa 20 mara 20 mara 20, yaani 8,000. Jahazi lenye uzito wa tani 32 pamoja na shehena yake litakuwa na mfano wenye uzito wa kilo 4. Shika hesabu hii, ndugu msomaji, kwa sababu tutairudia jahazi letu litakapopinduka.

HATUA ZA UJENZI

1. Mkuku. Huu ndio uti wa mgongo wa chombo, mti unaolala chini kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Mkuku ukipinda, chombo chote kimepinda, na hakuna rangi itakayoficha. Tuliulaza juu ya kioo cha dirisha ili kuhakikisha umenyooka, kisha tukaukata nafasi kumi za kupokea mataruma.

2. Mataruma. Haya ni mbavu za chombo. Kila taruma lina umbo lake: la katikati ni pana, na ya mbele na nyuma ni membamba. Tuliyapachika makavu kwanza bila gundi, tukaangalia kwa jicho kutoka omo kwenda tezi. Moja lilikuwa limekaa upande kwa milimita 3. Kijana aliyelikata alisema, "Ustadhi, si neno, litafunikwa na mbao." Tulimwomba aweke ubao mmoja juu yake ajionee mwenyewe. Ubao ukapanda kama kilima. Akalichonga upya.

3. Mbao za ubavu. Hapa ndipo uvumilivu unapopimwa. Mbao kavu ya msonobari ukiikunja inavunjika. Tuliziloweka katika maji ya moto kwa nusu saa, tukazikunja taratibu kufuata mataruma na kuzibana kwa vibanio vya nguo mpaka zikauke. Zikishakauka ndipo hutiwa gundi.

Tena kuna jambo la kipimo. Katikati ya jahazi, kutoka kwenye mkuku hadi ukingoni, ubavu wetu una sentimita 18. Mbao za milimita 9 zinaingia 20. Lakini kule omo ubavu huo una sentimita 12 tu. Mbao 20 zile zile haziwezi kuenea hapo kama kila moja imebaki na milimita 9. Hivyo kila ubao lazima upunguzwe kwa randa mpaka ncha yake iwe milimita 6. Asiyepunguza atakuta mbao zinapandana omo, naye atakata vipande vya kuziba ovyo ovyo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hapa. Katika jaribio la awali tulipigilia mbao zote za upande wa kulia kwanza, tukasema za kushoto tutamalizia kesho. Asubuhi tulikuta mkuku umepinda kama ndizi. Mbao zikikauka huvuta, na zikivuta upande mmoja tu, hata mninga hautashindana nazo. Ilibidi tuuvunje ubavu wote na kuanza upya. Kuanzia hapo tulifuata kanuni ya mafundi: ubao mmoja kulia, na ule ule wake kushoto, ndipo uje wa pili.

4. Kuziba nyufa. Mafundi wa pwani hutia kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa katikati ya mbao kwa patasi na nyundo. Chini ya chombo hupaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, ili wadudu wa baharini wasile mbao. Sisi tulichanganya unga wa mbao na gundi, tukaziba, tukapiga msasa. Kosa letu la pili ni kwamba gundi nyingi ya seremala hulegea ikikaa majini. Kipande tulichokijaribu ndani ya ndoo usiku mmoja kiliachia. Hivyo tulipaka vanishi mara tatu, nje na ndani, tukiacha kila mkono ukauke siku nzima.

5. Mlingoti, foromali na tanga. Mlingoti wa jahazi hausimami wima kabisa. Huinama kidogo kuelekea omo. Foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga, na kwa desturi huwa ni miti miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba. Tanga ni la pembe tatu. Wasichana wa darasa la jioni ndio waliolishona, nao walituonesha kwamba pindo lazima liwe na uzi mnene ndani yake, la sivyo kitambaa kinatanuka na tanga kulegea.

JE, MISUMARI NI LAZIMA?

Wakati wa kazi mwanafunzi mmoja aliuliza swali zuri: "Zamani kabla ya misumari kuenea, watu wa pwani walijengaje?" Jibu ni kwamba walishona. Chombo kiitwacho mtepe kilikuwa maarufu katika visiwa vya Lamu na sehemu nyingine za pwani yetu. Mbao zake zilitobolewa matundu ukingoni na kushonwa kwa kamba za kumbi la nazi. Mbao zilishonwa kwanza, na mataruma yakaingizwa baadaye, kinyume cha sisi tulivyofanya. Tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kama jamvi.

Mitepe iliacha kusafiri katika karne ya ishirini. Leo mtu akitaka kujua ilivyokuwa, anategemea picha, maandishi, na mifano midogo kama ile iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Mwaka 2003 mafundi walijenga mtepe mmoja huko Zanzibar, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Huko Oman nako lilijengwa jahazi la kushonwa lenye urefu wa mita 18, likaitwa Jewel of Muscat, kwa kufuata mabaki ya chombo cha karne ya tisa yaliyogunduliwa mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Liliondoka Muscat Februari 2010 na kufika Singapore Julai mwaka huo huo. Basi msidharau mfano mdogo. Ujuzi wa babu zetu ukipotea, mara nyingine kitu kinachoweza kuurudisha ni chombo cha kuwekwa kabatini.

Wanafunzi wa tafsiri watakumbuka kwamba katika Suratul Qamar, aya ya 13, safina ya Nabii Nuh (A.S.) imetajwa kwa mbao zake na kitu kiitwacho kwa Kiarabu "dusur". Wafasiri wengi wamesema ni misumari, na wako wataalamu wa lugha waliotaja pia kamba za nyuzi za mtende zinazofungia mbao. Aliyeona jinsi mtepe unavyoshonwa hatapata taabu kuzielewa kauli zote mbili.

SIKU JAHAZI LILIPOPINDUKA

Jahazi lilikamilika siku ya Alhamisi. Ijumaa baada ya swala tukalipeleka kwenye bwawa dogo la kunyweshea mifugo, kina chake kikiwa chini ya magoti, walimu wakiwa wamesimama pande zote. Wazazi kadhaa walikuja, akiwemo babu wa mwanafunzi mmoja ambaye tangu mwanzo hakuipenda kazi hii.

Mzee huyo alikuwa ametujia wiki ya kwanza. Tulimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba." Kisha akasema, "Ustadhi, mimi mjukuu wangu nimemleta asome Qur'ani. Useremala angejifunza kwa fundi. Na hii si sanamu?" Tulimjibu kwa adabu kwamba kazi inafanyika wakati wa likizo, baada ya darasa la asubuhi, na hakuna sura ya kitabu iliyoachwa kwa ajili yake. Kuhusu sanamu, tulimkumbusha kuwa Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mtu aliyekuwa akiishi kwa kuchora kwamba achore miti na vitu visivyo na roho. Jahazi ni mbao. Alinyamaza, lakini hakuonekana kuridhika.

Basi siku hiyo tuliliweka jahazi majini. Likaelea! Watoto wakapiga takbira. Tulikuwa tumelipima kwa mizani ya dukani, nalo lilikuwa na kilo 1.3 likiwa tupu. Kwa kuogopa lisizame tulitia kilo moja tu ya kokoto, tena tuliziweka huru juu ya sitaha ili zionekane kama shehena. Upepo mdogo ukaja kutoka upande wa kilima. Jahazi likainama kidogo. Kokoto zikabingirika zote upande ule lilioinamia. Kufumba na kufumbua lilikuwa limelala ubavu, tanga liko majini, na maji yanaingia.

Hakuna aliyecheka. Yule babu alivua viatu, akaingia bwawani mwenyewe, akalitoa jahazi, akamwaga maji. Akasema, "Mizigo wekeni chini, wekeni katikati, na mfunge isitembee." Kisha akakaa juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza akatueleza kwamba mdogo wake alikuwa ndani ya MV Bukoba.

Watu wazima wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na mamia ya watu walikufa. Lakini ninyi wanafunzi hamkuwa mmezaliwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kufika Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Allah (S.W.) awarehemu marehemu wote na awape subira waliobaki.

KWA NINI CHOMBO HUPINDUKA?

Jumamosi tulikaa darasani pamoja na mzee huyo, tukalichambua jambo hili polepole. Tulifikia sababu tatu.

Kwanza, uzito ukiwa juu, chombo hupenda kulala. Chukua chupa ya maji yenye mchanga kidogo chini, ielee. Ukiiinamisha inarudi. Sasa uondoe mchanga na ufunge jiwe shingoni mwa chupa. Itageuka mara moja. Ndiyo maana mabaharia huweka farumi, yaani uzito wa mawe au mchanga, chini kabisa juu ya mkuku.

Pili, uzito unaotembea ni hatari kuliko uzito mkubwa uliotulia. Kokoto zetu hazikuwa nyingi. Tatizo ni kwamba chombo kilipoinama zilikimbilia upande ule ule, zikaongeza kuinama, na kuinama kukaongeza kukimbia. Abiria katika mtumbwi au kivuko ndio hizo kokoto. Wakisimama wote upande mmoja kutazama jambo, au wakikimbilia mlango kabla chombo hakijafungwa gatini, wanafanya kazi ile ile.

Tatu, hesabu yetu ya 20. Tanga la jahazi kubwa ni mara 400 ya tanga letu, lakini uzito wake ni mara 8,000. Upepo wenyewe hautugawii kwa 20, ni ule ule unaovuma baharini. Kwa hiyo kwa kila kipande cha tanga, jahazi letu lina uzito wa kulishikilia mara 20 pungufu kuliko jahazi la kweli. Chombo kidogo hupinduliwa na upepo ambao kikubwa hakiusikii. Mwenye mtumbwi mdogo asijilinganishe na mwenye meli.

Tukarudi kazini. Mfano wetu ulipaswa kuwa na kilo 4, nao ulikuwa na 1.3, kwa hiyo ulihitaji farumi ya kilo 2.7. Tulishona vifuko tisa vya kitambaa, kila kimoja tukakitia gramu 300 za mchanga mkavu, tukavipachika katika nafasi tisa zilizo kati ya mataruma kumi, juu ya mkuku, na kuvifunga kwa uzi. Mzee alivikagua kimoja kimoja. Alhamisi iliyofuata jahazi lilivuka bwawa kutoka upande hadi upande. Upepo ulilisukuma, likainama, likarudi. Likainama tena, likarudi.

JE, NI MCHEZO TU?

Baadhi ya wazazi wameuliza kama madrasa inapaswa kushughulika na mambo haya. Tunawajibu kwa heshima. Katika Suratu Hud tunasoma kwamba Nabii Nuh (A.S.) aliamrishwa kuunda safina, na wakubwa wa kaumu yake walipompitia walimkejeli. Kuunganisha ubao na ubao ni kazi iliyofanywa na Mtume wa Allah kwa mikono yake. Sisi hatujilinganishi na jambo hilo tukufu, bali tunasema kazi ya mikono haimshushi mtu hadhi.

Tena tumeona faida kwa macho yetu. Wanafunzi waliokuwa wakikimbilia kumaliza juzuu bila kuangalia makosa wamejifunza kupachika kavu kabla ya kutia gundi, yaani kusoma mbele ya mwalimu kwanza, kurekebishwa, ndipo kuhifadhi. Na yule aliyetaka kulifunika taruma lililopinda sasa ndiye anayewasahihisha wadogo zake herufi.

HITIMISHO

Ndugu wazazi na wanafunzi, hili ndilo tulilotaka kusema: chombo hujengwa kuanzia chini. Tanga ndilo linaloonekana na kusifiwa na kila mtu, lakini kinachorudisha chombo wima ni mkuku ulionyooka na farumi iliyofungwa vizuri chini yake. Anayetaka kuanza nyumbani aanze na mkuku, asiogope kuvunja alichokosea, na asiende kujaribu majini bila mtu mzima.

Na siku utakapopanda mtumbwi Kagera au meli kwenda Mwanza, kumbuka kokoto zetu. Chombo kikijaa, subiri kingine. Ukishapanda, kaa mahali pako. Vaa jaketi la kuokolea bila kuona haya. Ukimwona mwenzako anafanya mzaha ukingoni, mwambie kama yule babu alivyotuambia: chini, katikati, na tusitembee.

Allah (S.W.) atukinge na atujaalie manufaa katika kila tunachojifunza. Amin.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini mbao za ubavu hupigiliwa moja kulia na moja kushoto?
2. Jahazi lenye urefu wa mita 12 likitengenezewa mfano kwa kugawanya kwa 10, mfano utakuwa na urefu gani? Uzito utagawanywa kwa ngapi?
3. Mtepe na jahazi letu vinatofautianaje katika hatua za ujenzi?
4. Muulize babu, bibi au mzee wa mtaa wenu chombo alichowahi kusafiria ziwani. Abiria walikaaje? Mizigo iliwekwa wapi?